Safari za kliniki kutoka vijiji vya mlimani Moshi: panga kurudi kabla ya kwenda

Mzee wa Kibosho au mama wa Uru Kaskazini mwenye kadi ya kliniki mara nyingi hufika mjini bila shida. Daladala za alfajiri zipo, na zinateremka zimejaa. Shida ni kurudi. Anatoka dirisha la dawa saa 8 mchana amechoka, hajala tangu jana kwa sababu ya kipimo cha sukari. Akifika stendi anakuta gari lina watu watatu na konda anaita abiria. Atakaa humo saa nzima au mbili. Mwezi unaofuata anaahirisha kliniki, na watu wanasema amepuuza afya yake.

Vikundi vingi vikikaa kujadili jambo hili hukimbilia kuomba gari. Gari la msaada ni jambo jema, lakini lisipokuwa na fungu la mafuta, matairi na dereva litaegeshwa ofisini kabla ya miaka miwili. Mwongozo huu unahusu kazi isiyohitaji gari jipya: kuunganisha daladala zilizopo, bodaboda za kijiji, ratiba za hospitali na mfuko mdogo wa kikundi, vyote chini ya mtu mmoja mwenye daftari moja. Hata nchi tajiri zimekwama hapa. Mwaka 2003 ofisi ya GAO, inayokagua matumizi ya serikali kwa niaba ya Bunge la Marekani, ilihesabu programu 62 za serikali kuu zinazogharimia usafiri wa wazee, wagonjwa, walemavu na maskini, nyingi zikifanya kazi bila kushirikiana na nyingine. Magari mawili ya fedha za umma yanapita barabara moja, kila moja nusu tupu.

Kwanza: hesabu watu kwa wiki nne

Usianze na mkutano wa hadhara. Ukiuliza "nani ana shida ya usafiri?" watanyoosha mikono wote, na hutajua chochote zaidi. Waendee wahudumu wa afya ngazi ya jamii, mabalozi na muuguzi wa zahanati. Kwa kila mtu anayekwenda hospitali au ofisi ya huduma kwa tarehe maalumu, andika:

- kituo anachopandia gari (mti, duka, kanisa, njia panda; jina la kitongoji peke yake halitoshi);
- anakokwenda: hospitali ya KCMC au Mawenzi, kituo cha afya, benki ya pensheni, malipo ya TASAF (mfuko wa serikali wa kaya maskini);
- siku, saa anayotakiwa kufika na saa anayotoka kwa kawaida;
- kama ana msindikizaji;
- uwezo wake wa kutembea, kwa herufi: T anatembea mwenyewe, M anahitaji mkono au fimbo, K ana kiti mwendo, L hawezi kukaa.

Usiandike ugonjwa. Dereva na konda hawahitaji kuujua, na daftari likidondoka kwenye gari litasomwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Sababu kubwa zaidi ni ya kijijini: safari ikishajulikana kuwa "gari la CTC" (kliniki ya wanaoishi na virusi vya UKIMWI), wenye dawa za kudumu hawataipanda tena, watatembea kwa mguu. Changanya wagonjwa wa kila aina, wazee wa pensheni na walimu wanaokwenda benki kwenye safari moja. Mchanganyiko huo unajaza viti na unaficha siri za watu.

Kwa nini wiki nne? Kliniki nyingi hurudia kila mwezi. Ukihesabu wiki moja utaona kipande tu.

Pili: fuata mgongo, achana na ramani ya kata

Barabara za Kilimanjaro hupanda kwenye migongo iliyotenganishwa na makorongo. Vijiji viwili vinavyoonana ng'ambo ya korongo vinaweza kuwa kata moja, lakini gari litokalo kimoja kwenda kingine lazima literemke hadi chini na kupanda upya. Anayepanga kwa mipaka ya kata atalipia mafuta ya bure. Chora mstari wa kila barabara inayopanda, weka vituo vyake kutoka juu hadi chini, kisha weka watu wako juu ya mstari huo. Vituo visizidi sita. Kila kinachoongezwa kinakula dakika tano, na mzee anayesubiri chini kabisa ya mlima ndiye anayelipa zote.

Upande wa tambarare, Kahe na Chekereni kwa mfano, barabara zinaungana, kwa hiyo mzunguko unawezekana: gari linaingia upande mmoja na kutokea mwingine. Ukienda mbali zaidi, Longido au Monduli, sahau yote hayo na uangalie siku ya mnada. Magari hufuata mnada, na zahanati ikikubali kuweka kliniki siku hiyo hiyo, nusu ya kazi yako imekwisha.

Tatu: zungumza na kliniki kabla ya kuzungumza na dereva

Hatua hii ni ya bure, na ndiyo inayorukwa na wengi. Kama watu tisa wa mgongo mmoja wana kliniki ya shinikizo la damu kwa siku saba tofauti za mwezi, hakuna gari litakalowabeba kwa bei nafuu. Wakiwekwa siku mbili, una safari mbili zenye viti vinne na vitano.

Nenda na karatasi, usiende na malalamiko. Mwone muuguzi kiongozi wa kliniki husika, kwa barua ya mtendaji wa kijiji, ukiwa na orodha ya namba za kadi na vituo vya kupandia. Omba vitu viwili tu: tarehe za kurudi za watu hawa zilingane, na wapewe foleni ya asubuhi ili watoke kabla ya saa 8 mchana. Kliniki za madaktari bingwa zina siku zao na hazitahamishwa kwa ajili yako; hapo omba saa, usiombe siku. Kadi inapoandikwa tarehe mpya, mgonjwa ampigie mratibu (yule mwenye daftari) akiwa bado dirishani. Akisubiri hadi nyumbani, tarehe itakuwa imeingia kwenye kompyuta na kuibadilisha ni safari nyingine.

Wanaosafishwa damu kwa mashine, wenye figo zilizoshindwa, washughulikie peke yao. Ratiba yao kwa kawaida ni mara tatu kwa wiki, takriban masaa manne kwenye mashine kila mara, Jumatatu-Jumatano-Ijumaa au Jumanne-Alhamisi-Jumamosi. Hawa hawaahirishi: maji na potasiamu hujikusanya mwilini, na kukosa zamu kunaweza kuua. Wakitoka, presha inaweza kushuka ghafla na mahali pa sindano panaweza kuvuja damu. Kwa hiyo hawapandi bodaboda, hawasubiri stendi, wanakaa kiti cha mbele au kilicho karibu na mlango, na daima kuna namba ya gari la pili kama la kwanza limeharibika.

Nne: elewa hesabu ya dereva

Dereva wa daladala haajiriwi kwa mshahara uliotulia. Ana hesabu ya kumpelekea tajiri, yaani mwenye gari, kila jioni, ana mafuta, ana konda, na kinachobaki ndicho chakula chake. Ukimwomba "atusaidie wazee wetu" atakubali mbele ya mchungaji, na wiki ya pili hatatokea. Hana ubaya. Umemwomba alipe kutoka mfukoni mwake.

Angalia siku yake ilivyo. Alfajiri anateremka amejaa wanafunzi na wafanyakazi. Hapo huna cha kumpa, lipa nauli kamili na omba tu viti vishikwe. Jioni anapanda amejaa pia. Kati ya saa 5 asubuhi na saa 9 mchana ndipo anakaa stendi akisubiri zamu. Wagonjwa wako wanarudi saa hizo hizo. Hapa una bidhaa ya kumuuzia: abiria wa uhakika wa kupanda mlima wakati ambao hana abiria.

Mkataba unaodumu kuliko mingine tunauita dhamana ya viti. Kikundi kinadhamini idadi fulani ya viti kwa safari ya kurudi, watu waje wasije. Dereva naye anaahidi kuondoka saa iliyopangwa bila kungoja kujaza, na viti vilivyobaki anauza kwa abiria wengine kama kawaida. Mfano wa hesabu, ubadilishe kwa namba za kwenu: haisi yenye viti 14, nauli 2,000, mmedhamini viti 8 kwa shilingi 16,000. Wamekuja sita na wamelipa 12,000. Mfuko unaongeza 4,000. Safari mbili kwa wiki ni safari nane kwa mwezi, na kama kila mara wanapungua wawili, mfuko unatoa 32,000. Kaya 40 zikichangia 1,000 kwa mwezi, zimebaki 8,000 za vocha ya mratibu.

Linganisha na kukodi gari dogo la Noah. Kilomita 18 kushuka na 18 kupanda ni 36. Kwa mlima na mzigo, kadiria kilomita 8 kwa lita, yaani lita 4.5. Tuseme lita ni 3,000: mafuta 13,500. Nusu ya hesabu ya tajiri 20,000, dereva 10,000. Jumla 43,500. Ukigawa kwa abiria saba ni kama 6,200 kila mmoja. Lakini katika saba hao watatu ni wasindikizaji, kwa hiyo kila mgonjwa anabeba 10,875. Kukodi kuwe kwa wenye herufi K na L, na kwa wa kusafishwa damu. Wengine wapande daladala ya dhamana.

Wasindikizaji, kwa njia, ndio wanaomaliza viti. Wenye T hawahitaji. Wenye M watatu wa kituo kimoja wanaweza kuwa na msindikizaji mmoja, na nauli yake wachangie.

Bei ya kukodi isiandikwe kwa shilingi peke yake. Andika lita, kisha zidisha kwa bei kikomo ya mafuta inayotangazwa na EWURA, mamlaka ya nishati na maji, Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Bila kipengele hicho, mafuta yakipanda dereva atadai nyongeza getini hospitalini mgonjwa akiwa ndani ya gari, na hakuna mahali pabaya zaidi pa kujadiliana bei.

Karatasi za kuangalia kabla ya kusaini

Omba kuona, usiulize tu: leseni ya usafirishaji ya LATRA (mamlaka ya usafiri wa nchi kavu) ya gari hilo na ruti iliyoandikwa, bima ambayo haijaisha, na leseni ya dereva ya daraja C inayolingana na ukubwa wa gari. Ruti ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Daladala nyingi za mlimani zinaishia mjini, na hospitali ya KCMC iko nje ya njia hiyo, kwa hiyo mgonjwa analipa nauli ya pili. Ukitaka gari lifike getini moja kwa moja, mwenye gari aombe kibali LATRA kwanza. Akikamatwa nje ya ruti, faini italipwa na kazi yenu itaishia hapo.

Gari la parokia, la shule au la jirani mwema lenye namba binafsi lisitoze nauli. Likibeba abiria wa kulipa bila leseni na likapinduka, kampuni ya bima ina sababu ya kukataa fidia. Waseme wazi kwamba ni lifti, au wachukue leseni.

Dharura haziingii kwenye mpango huu. Mjamzito, aliyejifungua au mtoto mchanga mwenye hatari: piga 115 bure, mfumo wa m-mama. Wao hutuma gari la wagonjwa, au dereva wa jamii aliyesajiliwa pale ambapo gari la wagonjwa liko mbali. Madereva wenu wenye nidhamu waulizeni halmashauri namna ya kujisajili.

Tano: mratibu, simu na daftari

Mtu mmoja. Kamati ya watu saba ni nzuri kwa kusimamia fedha, lakini simu ya saa 11 alfajiri inapokelewa na mtu mmoja. Anayefaa ni mwenye duka au muuza dawa, kwa kuwa yupo kijijini mchana kutwa na watu wanampita. Mwalimu hafai, yuko darasani. Mwenye gari asiwe mratibu kabisa, kwa sababu kila siku gari la kukodi litaonekana kuwa la lazima.

Alipwe kitu, hata kama ni kidogo. Wa kujitolea hudumu mpaka msimu wa kahawa. Laini ya simu isiwe yake binafsi. Kikundi kikiwa na cheti cha usajili, laini isajiliwe kwa jina la kikundi, la sivyo siku akihama namba ambayo bibi wote wameikariri inahama naye.

Utaratibu wa siku moja:

Siku mbili kabla, jioni, mratibu anawapigia wote waliopo kwenye orodha. Ujumbe mfupi hautoshi kwa wazee, wengi hawausomi.

Jana yake saa 12 jioni, orodha inafungwa. Dereva anapewa idadi kwa kila kituo na herufi zao: "Kanisani wawili T, njia panda mmoja K." Majina hayahitajiki.

Asubuhi gari linasubiri kituoni dakika tatu. Fupi, ndiyo, lakini likisubiri kumi kwa kila kituo, aliye chini atapanda gari lingine na kiti alichoshikiwa kitabaki tupu.

Mchana, msindikizaji mmoja anakuwa mtu wa getini. Saa 6:30 anazunguka na kuandika kila mtu yuko wapi: daktari, maabara, dawa, au ametoka. Saa 7:30 anampigia dereva idadi halisi. Gari linaondoka saa 8:30, na likisubiri ni dakika 20, zisizidi. Aliyekwama maabara anapanda daladala ya kawaida na mfuko unamrudishia nauli. Sheria hii inaonekana ya kikatili mpaka siku gari litakapomsubiri mmoja kwa saa mbili huku wengine saba wakisinzia kwenye viti.

Matangazo ya ratiba yatoke kanisani baada ya ibada na msikitini Ijumaa. Kundi la WhatsApp ni la vijana waliopo Dar na Arusha, ambao kwa kweli ndio wachangiaji, kwa hiyo lisidharauliwe. Watumie huko hesabu ya mwezi.

Kutoka kihambani (shamba la nyumbani) hadi barabarani

Mita 600 za njia ya migombani zinaweza kuwa ngumu kuliko kilomita 18 za lami. Kila kitongoji kiwe na bodaboda wawili wanaojulikana, kwa bei iliyokubaliwa na kuandikwa. Wasibebe aliyepooza upande mmoja, aliyevunjika, mjamzito wa miezi ya mwisho wala aliyetoka kusafishwa damu. Bajaji kwenye udongo mwekundu uliolowa na mteremko mkali ni hatari, inateleza na kupinduka. Hapo inabaki machela: vijana wanne wa kubeba na wawili wa kupokezana.

Kiti mwendo kifungwe ndani kwa mikanda, kisipandishwe kwenye keria. Kubaliana mapema kwamba hakilipi nauli ya mzigo, kwa sababu konda atajaribu. Kumpandisha mtu ni kazi ya watu wawili, mmoja nyuma ameshika kiuno kwa kanga iliyozungushwa, mwingine mbele kwenye magoti. Msimvute kwa kwapa, bega la aliyepooza linateguka. Kibao cha kukanyagia cha sentimita 20 kikae ndani ya gari daima. Seremala anakitengeneza kwa mabaki ya mbao.

Masika na Desemba

Machi hadi Mei, barabara za juu zinakatika. Kabla ya masika kila kituo kipewe kituo mbadala cha chini ambapo gari litaishia mvua ikinyesha usiku, na bodaboda na wabeba machela wajue. Kalavati likichukuliwa na maji, mtendaji aandikie TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, siku hiyo hiyo, na picha zenye jina la mahali. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, wakala mwingine, usipeleke barua ofisi isiyo yake ukapoteza wiki mbili.

Desemba ni kinyume. Barabara kavu, magari tele, lakini Wachaga wanarudi nyumbani na kila dereva ana mteja wa kukodi anayelipa mara tatu. Dhamana ya viti haitamshika mtu kwa 16,000 wakati huo. Mambo mawili husaidia: kuomba kliniki, tangu Oktoba, isiweke tarehe za kurudi kati ya Desemba 18 na Januari 3 kwa wanaoweza kupewa dawa za miezi miwili, na kuwaomba hao hao waliorudi na magari yao wachukue zamu za kuwabeba wa kusafishwa damu, bila nauli. Orodha ya zamu ipitishwe Jumapili ya kwanza ya Desemba, kabla sherehe hazijaanza na funguo za magari hazijaanza kutafutwa.